Hans Berger, munganga aliyesikiliza bongo

Wengi wenu mumekwisha kuona ile picha kwenye tele ao kwenye telefone: muchezaji ameketi kwenye kiti kizuri, macho yake kwenye ekrani, na kichwa chake kimefungwa nyuzi. Hashiki mupira, hakimbii. Anafundisha bongo yake tu. Mashini inasikiliza umeme mudogo sana unaotoka katika kichwa, na kila mara bongo ikiingia katika hali ile mwalimu anatafuta, mashini inamujulisha: picha inatembea ao sauti inalia. Polepole muchezaji anajifunza kurudi katika hali ile peke yake, hata kama hawezi kukueleza amefanya namna gani. Wenye kazi wanaiita nerofidibaki.

Kazi hiyo yote imejengwa juu ya kitu alichokuta Mujeremani mumoja aliyekufa mwaka 1941. Hakuwa mutu wa michezo, na mambo ya mupira hayakumuhusu. Nimetaka kuandika maisha yake juu ya sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo mashini. Ya pili mutaikuta mbele, na haipendezi.

Hans Berger alizaliwa tarehe 21 mwezi wa 5 mwaka 1873 katika kijiji cha Neuses, karibu na muji wa Coburg. Baba yake alikuwa munganga. Mama yake alikuwa binti ya Friedrich Rückert, mutunga mashairi mwenye jina kubwa kwao. Kijana alipenda hesabu, na usiku alipenda nyota. Alipomaliza sekondari mwaka 1892 akaingia iniversite kusoma hesabu, akitazamia kuwa mutu wa kuchunguza nyota. Haikudumu. Miezi michache tu akaacha masomo, akaenda kufanya mwaka mumoja wa uaskari.

Siku moja, kwenye mazoezi karibu na Würzburg, farasi wake akasimama kwa miguu ya nyuma, akamutupa chini katika njia. Nyuma yake muzinga ulikuwa unakuja, unavutwa na farasi wengine. Muendeshaji akakaza kamba na farasi wakasimama, gurudumu likabakia karibu kabisa na mwili wake. Berger akaamuka bila jeraha. Sisi wa mugodi tunajua hali hiyo. Jiwe linaanguka pale ulipokuwa umesimama dakika moja mbele, damu hakuna hata tone, lakini magoti yanatetemeka mpaka mwisho wa posti, na usiku unaona jiwe lile tena.

Mangaribi ya siku ile ile telegramu ikafika. Baba yake alikuwa anauliza kama yuko muzima. Hakuwa na desturi ya kumuandikia telegramu, na habari ya ajali ilikuwa haijatoka pale kambini. Kumbe ni dada yake, mbali kule nyumbani, aliyeshikwa na woga toka muchana, akawaambia wazazi kwamba jambo baya limemupata Hans, akawasumbua mpaka baba akatuma telegramu.

Huku kwetu tungemushukuru Mungu na kuwasimulia watoto. Berger alienda njia ingine. Aliamini kwamba woga wake ulitoka katika kichwa chake na kusafiri mpaka kwa dada yake. Na kama wazo linaweza kusafiri, basi ni nguvu ya kweli, kama vile joto ni nguvu, na nguvu ya kweli inaweza kupimwa. Mwaka wake wa uaskari ulipoisha akarudi iniversite. Aliacha nyota, akachukua unganga.

Mwaka 1897 akaingia katika klinike ya wagonjwa wa akili ya Jena, chini ya profesa Otto Binswanger, na hapo njo alitumika maisha yake yote mpaka pansio. Ni vita tu ya 1914 ilimutoa, alipopelekwa upande wa Ufaransa kuwa munganga wa askari wenye akili iliyovunjika. Mwaka 1911 alioa Ursula von Bülow. Mwaka 1919 akawa mukubwa wa klinike, na mwaka 1927 akawekwa kuwa rekta wa iniversite nzima. Wale waliotumika naye walimuona kuwa mutu wa saa na wa karatasi, mwenye haya, mukali juu ya kanuni, anayefanya kila siku mambo yale yale kwa saa zile zile. Hawakumuzania kuwa mutu wa kuvumbua kitu. Hawakujua kwamba kisha kazi alikuwa anajifungia katika kijumba kidogo cha klinike, na mule alikuwa anatafuta nguvu ya mawazo.

Namna yake ya kutafuta inaeleweka vizuri na mutu yeyote aliyetumika kwenye atelie. Ukiwa na mashini inayokula mazuti, unajua kiasi kinachoingia, unapima kazi inayotoka na joto linalopotea. Kama hesabu haitoshi, kuna mahali nguvu inatokea usipopaona. Berger aliwaza bongo vile vile. Damu inaleta chakula. Sehemu inakuwa joto, sehemu inakuwa umeme, na sehemu inayobaki, labda njo ile inakuwa wazo. Basi akaanza kupima kimoja kimoja. Kwanza damu, kwa wagonjwa waliokuwa na tundu katika mufupa wa kichwa, mahali unaweza kuona bongo ikipiga kama moyo. Kisha joto, kwa kipima-joto chembamba sana. Miaka na miaka, na matokeo yalikuwa maskini. Mwaka 1902 alijaribu kutafuta umeme katika bongo ya imbwa, na humo pia hakupata kitu cha kumutosha.

Ni haki kusema kwamba si yeye wa kwanza kuona umeme katika bongo. Muingereza Richard Caton, wa Liverpool, aliuona mwaka 1875 kwa sungura na nyani. Lakini hao walikuwa wanyama, na kichwa kilikuwa kimefunguliwa. Kwa mutu muzima, mwenye ngozi na mufupa wake, hakuna aliyekuwa amejaribu na kufaulu.

Umeme wenyewe ni mudogo kupita unavyoweza kuwaza. Chukua pile moja ya torshi, ile ya volti 1,5. Umeme unaoupata juu ya ngozi ya kichwa unaweza kuwa sehemu moja tu katika elfu 30 ya nguvu ya pile hiyo. Na umeme mwingine unauzunguka kila upande: moyo unatoa umeme, misuli ya paji la uso inatoa, macho yakizunguka yanatoa, hata waya ukitingizika unadanganya. Berger hakuwa fundi wa umeme. Alijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu na kurudilia.

Tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka 1924 njo siku yenyewe. Kulikuwa kijana wa miaka 17 ambaye munganga wa kupasua, Nikolai Guleke, alikuwa amemuondolea sehemu ya mufupa wa kichwa. Berger akaunganisha nyuzi zake hapo, akaangalia mashini, na mashini ikatikisika. Kidogo sana, lakini ilitikisika.

Mutu mwingine angekimbilia gazeti. Berger akanyamaza miaka mitano. Alijiuliza kama ule umeme haukuwa wa moyo, ao wa ngozi, ao kilema cha mashini yenyewe. Akabadilisha mashini. Akabadilisha nyuzi, mara sindano za feza chini ya ngozi, mara vipande vyembamba vya feza juu ya kichwa. Alijifunga yeye mwenyewe. Alimufunga mutoto wake Klaus mara nyingi sana, na binti yake Ilse pia. Katika kazi yake nzima, mimi ninapenda sana hapo: mukubwa wa klinike, rekta, amekaa na watoto wake wamefungwa waya kichwani, na karatasi inatembea polepole na kuandika mustari unaopanda na kushuka.

Kwenye karatasi ile aliona jambo ambalo hata leo linafundishwa siku ya kwanza. Mutu akiketi kimya, amefunga macho, hana woga, bongo yake inaandika mawimbi makubwa, mazuri, karibu 10 kwa sekunde moja. Akifungua macho, mawimbi yale yanapotea mara moja, yanabaki madogo madogo ya mbio. Akifunga macho tena, makubwa yanarudi. Na si macho tu. Mupatie mutoto hesabu ya kichwa huku amefunga macho: mawimbi makubwa yanapungua wakati anatafuta, akimaliza yanarudi. Berger aliyapatia majina ya herufi za Kigiriki, alfa kwa yale makubwa ya polepole, beta kwa yale madogo ya mbio. Mwaka 1929 akatoa makala yake ya kwanza, na mupaka 1938 akaandika zingine, zote pamoja 14.

Watu hawakumuamini. Ujeremani wengi waliona ni kelele ya mashini, na kwamba munganga wa wagonjwa wa akili asiyejua umeme anatafsiri kelele. Ilipita miaka mitano mupaka Muingereza Edgar Adrian, mwenye Tuzo ya Nobel, akajaribu kitu kile kile kule Cambridge pamoja na mwenzake Matthews. Mwaka 1934 Adrian mwenyewe akaketi mbele ya wanasayansi wenzake, nyuzi kichwani, akafunga macho, na mawimbi yakatokea, akafungua, yakapotea. Alitaka yaitwe kwa jina la Berger. Mwaka 1937 Berger akaalikwa Paris kwenye mukutano mukubwa, na huko njo alifahamu kwamba wageni wanamujua kupita majirani zake.

Na telegramu ya dada yake? Miaka karibu 50 alitafuta jibu. Aliishia kukubali kwamba umeme ule ni mudogo sana, hauwezi kubeba wazo la mutu mpaka kwa mutu mwingine. Mwaka 1940, akiwa muzee, bado aliandika kitabu kidogo juu ya jambo lile la ujana wake. Kitu alichotaka hakukipata. Alipata kingine alipokuwa anapita.

Sasa tufike kwa sababu ya pili.

Miaka mingi watu walisimulia kwamba Berger alikuwa muhanga wa utawala wa Hitler, kwamba walimufukuza mwaka 1938 na kuvunja kazi yake. Hadisi nzuri, na nilipoisoma mara ya kwanza niliipenda. Lakini watafiti waliofungua karatasi za zamani walikuta mengine. Mwaka 1938 alienda pansio kwa miaka yake 65, kwa njia ya kawaida. Alikuwa anatoa muchango wake kwa SS kama mwanamemba wa kusaidia. Na alikuwa anaketi katika tribinali ya Jena, ile waliita ya afya ya uzazi.

Nieleze ilikuwa nini. Mwaka 1933 utawala ulitoa sheria kwamba watu wenye magonjwa fulani wakatwe uzazi hata kama hawataki, wasizae tena. Tribinali zilisikiliza na kuamua, na wanganga waliketi pamoja na mahakimu. Watu karibu 400.000 walikatwa uzazi kwa sheria hiyo katika Ujeremani. Berger aliketi katika tribinali ya juu, pale mugonjwa ao jamaa yake walikuja kulalamika juu ya uamuzi wa kwanza, na ilikuwa kawaida kwamba lalamiko linakataliwa. Kati ya magonjwa yaliyoandikwa katika sheria ile kulikuwa kifafa.

Musome tena neno hilo. Kifafa njo ugonjwa ambao mashini ya Berger imesaidia kupita mingine yote. Mpaka leo, kwenye hopitali yenye vyombo, mutoto wa kifafa anafungwa nyuzi kichwani na munganga anasoma mawimbi kwenye karatasi ao ekrani, anaona ugonjwa ni wa namna gani, anachagua dawa. Wazazi wengi katika kambi zetu wanajua uzito wa ugonjwa huu, na wanajua namna majirani wanamutenga mutoto, hawataki kushiriki naye sahani. Mutu ambaye mashini yake inatusaidia kuona kwamba kifafa ni dhoruba ya umeme katika bongo, wala si laana, mutu ule ule aliketi katika tribinali ya sheria iliyotaka wenye kifafa wasizae. Mwaka 1941 walimuomba arudi kusaidia katika tribinali ile, naye akakubali.

Hakufikia. Alikuwa na ugonjwa, na huzuni nzito ilikuwa imemushika muda murefu, ile ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameitunza kwa watu wengine miaka 40. Tarehe 1 mwezi wa 6 mwaka 1941 alijitoa uhai katika klinike yake ya Jena. Alikuwa na miaka 68.

Mashini iliendelea bila yeye. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kule Chicago, Joe Kamiya aliketisha watu katika giza, akawauliza kila mara kengele ikilia kama bongo yao iko katika alfa ao hapana, akawaambia kama wamejibu sawa. Kisha siku chache watu walianza kutambua. Kisha kutambua, walianza kuiita alfa wenyewe. Mbele ya hapo wengi hawakuzania kwamba mutu anaweza kuamuru kitu kama hicho. Katika miaka ya 1960, huko Los Angeles, Barry Sterman alifundisha paka kutoa mawimbi ya 12 mpaka 15 kwa sekunde, kwa kuwapatia chakula kila mara wanapofaulu. Baadaye, katika uchunguzi mwingine juu ya sumu ya mafuta ya roketi, sumu inayoleta degedege, paka waliofundishwa walichelewa kushikwa kupita wenzao. Sterman akaenda kujaribu kwa watu, na watu hao walikuwa wa kifafa.

Michezo iliingia kisha hapo. Walipowapima walenga shabaha wa bunduki, walikuta kwamba katika sekunde za mwisho mbele ya risasi, upande wa kushoto wa bongo unatulia na alfa inapanda. Mwaka 1991 Daniel Landers na wenzake huko Marekani walichukua wapiga mishale 24 na kuwagawanya mafungu matatu. Fungu la kwanza lilifundisha upande wa kushoto, nao wakalenga vizuri zaidi. Fungu la pili lilifundisha upande wa kuume, na kulenga kwao kukaharibika. Fungu la tatu halikufundishwa. Mimi ninashika sana lile fungu la pili, juu wauzaji wa mashini hizi hawapendi kulitaja: ukifundisha bongo vibaya, unaiharibia kazi.

Kule Italia, timu ya Milan iliweka chumba chenye viti vya kulala na mashini za kupima, wachezaji wakiingia kutuliza bongo na kuangalia makosa yao bila moyo kwenda mbio. Tangu hapo inauzwa kila pahali, na bei yake si ya ekipi zetu za kata. Kama mwanangu angeniomba, ningemuambia angojee. Majaribio mengi ni ya watu wachache, na katika matunzo ya magonjwa imetokea kwamba waliofungwa mashini ya uongo bila kujua, walisema nao wamepona kidogo. Lakini kwamba bongo inaweza kujifunza kutulia, hilo sina ubishi nalo. Angalia muchezaji anayeenda kupiga penalti Kamalondo uwanja ukiwa umejaa, utajua mara moja nani amejifunza na nani hapana.

Na sasa mashini imefika migodini. Huko Australia wametengeneza kofia yenye vipima ndani, inavaliwa na mashofere wa kamioni kubwa za mugodi, inasoma mawimbi na kujua shofere anaanza kulala mbele yeye mwenyewe hajajua. Shofere wa posti ya usiku anayesoma hapa anajua saa ya 10 ya usiku ni nini, wakati taa za mbele zinakuwa kama ndoto na barabara inahama. Kofia ile inaweza kuokoa mutu. Wenzangu wa sendika tumeizungumuza, na mukutano uligawanyika. Wamoja walitaka ije kesho. Wengine waliuliza mawimbi ya kichwa cha shofere yataandikwa wapi, yatakaa katika biro ya nani, na siku ya kupunguza watu kazini, nani ataruhusiwa kuyasoma.

Hatukumaliza. Tumeandika maswali matatu kwenye karatasi, na tutayapeleka katika mukutano wa mwezi ujao.